Mche Uliobaki Ndooni

Mambo yangu yaliharibika Ijumaa ile chuo kilipofagia studio, siyo siku tuliyomzika mke wangu. Mazishini angalau nilikuwa na watu wa kunishika mkono.

Mke wangu alikuwa msaidizi wa mhadhiri, wa usanifu wa majengo na bustani. Msaidizi jina tu. Mhadhiri akisafiri, na alisafiri kweli, darasa zima lilimwangukia yeye. Wanafunzi walimwita Mama Rula. Alipoanza kuugua, mkuu wa idara alimwambia avumilie kidogo, amalize kusahihisha. Akavumilia. Wakubwa bwana, mgongo wa mwenzao wanauona ngazi.

Kazi ikiisha, alibaki kwenye kona ya studio akitengeneza modeli ya ua wetu wa nyuma, kwa kadibodi na gundi. Nyumbani alishaotesha mche wa mti wa kivuli kwenye ndoo, akanikataza kushika jembe mpaka ajue jua linapita wapi na maji ya mvua yanakimbilia wapi. Mimi fundi viatu, shule niliiacha mapema, nikasubiri.

"Kwenye modeli nimekukata na wewe, na kitambi chako," aliniambia hospitalini, akicheka kwa shida. "Tumekaa kivulini. Kaichukue."

Nikaenda wageni wa msiba walipoondoka. Meza tupu, sakafu inanukia sabuni. Kumbe kwao, muhula ukiisha, modeli isiyobandikwa karatasi ya alama ni taka. Na msaidizi angepewa alama na nani? Zilichomwa asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo, nyuma ya karakana.

Mkuu wa idara alinikaribisha kiti. "Pole sana, mzee wangu. Zilikuwa nyingi, na wakaguzi walikuwa njiani."

"Ilikuwa na mti mmoja na watu wawili," nikamwambia. "Mti ulikuwa upande gani?"

Akatazama saa, akaahidi kumwuliza mhadhiri akirudi safarini. Mhadhiri, ambaye ile kona hakuwahi hata kuisogelea! Wanafunzi nao wanakikumbuka kitambi changu cha kadibodi; wanacheka. Mti, hapana.

Sasa mche umenifika kifuani na mizizi imepasua ndoo. Kila nikitoka kazini nashika jembe, nazunguka ua wangu mwenyewe kama mgeni. Nyinyi mliochoma, niambieni: niupande wapi?