Ubeti wa Pili

Wenzake wa bendi walimwita Chiriku, na si kwa sauti peke yake: hakujua kutulia. Wakati wa mazoezi alizunguka chumba kizima akiburura waya wa maikrofoni, mpaka mpiga dramu akawa anamwambia kila mara, "Kaa chini, dada, unatutia kizunguzungu."

Miaka kumi na mmoja alikuwa ameiongoza bendi hiyo ya roki, akiimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Wimbo uliowapa umaarufu ulikuwa wa mama aliyeondoka nyumbani asubuhi moja, amevaa viatu vyekundu, asigeuke nyuma. Chiriku alikuwa na miaka mitatu siku hiyo. Habari za viatu alizipata kwa shangazi yake, aliyemlea.

Alhamisi moja alasiri, mwanamke mwenye mvi alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, kaukumbatia mkoba kifuani. Mpiga gitaa akanyamazisha nyuzi.

"Mimi ni mama yako," mwanamke alimwambia Chiriku. "Sikuja kukuomba kitu. Wimbo wako nimeusikia redioni, kiwandani ninakoshona sare. Ubeti wa pili si kweli."

Chiriku alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele. Akajikuta anauliza, "Kipi si kweli?"

"Sikuwa na viatu. Baba yako alivificha vyote ili nisitoke. Na niligeuka mara tatu, mwanangu. Ya tatu, shangazi yako akafunga dirisha."

Hakungoja hata maji ya kunywa. Aliacha anwani yake kwenye kipande cha karatasi, akaenda zake.

Chiriku alimpigia shangazi simu. Shangazi akasema, "Ulikuwa mdogo. Tungekuambiaje?"

Wiki nzima hakushikika. Aliandika akitembea, akafuta, akaandika tena. Alipowasomea wenzake ubeti mpya, mpiga gitaa alitikisa kichwa.

"Watu wanaujua wote kwa moyo. Utawanyang'anyaje?"

"Ni wimbo wangu."

"Ulikuwa wako kabla hatujaurekodi."

Jumamosi iliyofuata walikuwa na tamasha; jua likiwa bado kali, uwanja ulifurika. Ubeti wa pili ulipofika, Chiriku aliimba maneno mapya, na maelfu ya watu wakaimba ya zamani. Viatu vyekundu vilivuma kutoka kila upande, sauti yake ikamezwa. Alimtazama mpiga dramu. Yule bwana akaweka vijiti magotini. Gitaa liliendelea peke yake kidogo, likaona aibu, likakoma.

Watu wakabaki wanatazamana. Chiriku akarudia ubeti bila ala, sauti ikimtetemeka, mahali pawili ikatoka kabisa nje ya tuni. Wachache walizomea. Mama mmoja mstari wa mbele alijifunika uso kwa viganja.

"Umeuharibu," mpiga gitaa alimwambia nyuma ya jukwaa.

"Huenda," Chiriku alisema, akatoka bila kubadili nguo.

Jumapili asubuhi alibisha mlango wa anwani iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma, ikanyamaza. Mama akafungua, sindano mdomoni, akaitoa ili aweze kusema.

"Ingia. Nina mengi. Lakini nitakayokuambia leo, usiyaimbe."

"Sawa, mama," Chiriku akajibu, na alipovuka kizingiti vidole vyake vilikuwa tayari vinapapasa mfukoni, vikitafuta kalamu.