Mgonjwa Aliyekuja Kulala

Melina Zubeldía alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba, na kilichombakia kabla ya mtihani kilikuwa kitu kimoja tu: mgonjwa wa kumtibu. Buenos Aires nzima ina matatizo ya nafsi, lakini wenzake walishanyakua watu wote. Binamu yake alikuwa na mlinzi wa jengo. Rafiki yake wa darasani alijipatia kasisi mzima.

Basi alipotokea Evaristo, muuza nyama mwenye shingo nene kama gogo, Melina nusura amkumbatie.

"Karibu, bwana Evaristo. Jilaze hapo kwenye kochi, useme lolote linalokujia."

Evaristo akavua viatu, akajinyoosha, akakoroma.

Melina alifundishwa kwamba ukimya wa mgonjwa haukatizwi. Akangoja. Muda ulipokwisha, Evaristo aliamka mwenyewe, akafuta udenda, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Daktari, Mungu akuzidishie. Nije tena wiki ijayo?"

Profesa Ofelia Brunetti, msimamizi wake, alipopewa habari hizo alivua miwani.

"Anakoroma vipi?"

"Kama msumeno kwenye mfupa, profesa."

"Msumeno! Unasikia anachokwambia?"

"Haniambii kitu. Amelala."

"Mwanangu, aliyelala ndiye msemaji mkubwa. Usimwamshe hata kidogo."

Wiki zikapita, Evaristo akinenepa mashavu na Melina akikonda. Wanafunzi wenzake wakawa wanakuja kutega masikio mlangoni. Mmoja aliapa kuwa ndani ya mkoromo ule amemsikia marehemu mama wa Evaristo. Siku hiyo Melina akachoka. Akamtikisa bega.

"Bwana, hebu nieleze. Shida yako hasa ni nini?"

"Usingizi, daktari. Mke wangu mwanasaikolojia. Mama mkwe mwanasaikolojia. Binti yangu naye kaanza chuo. Nikifumbua jicho tu, wote watatu wamekaa kitandani: umeota nini? Nikisema sijaota, eti naficha. Nikisema nimeota nyama, wanatazamana. Mimi nauza nyama, dada yangu! Niote nini, samaki?"

Melina akamlaza tena. Akachukua koti lake, akamfunika.

Wiki iliyofuata Evaristo alikuja na mzee mmoja mwembamba, daktari wa meno mstaafu aitwaye Anselmo.

"Jirani yangu," alisema. "Ya kwake yanashinda ya kwangu."

"Mimi zulia linanitosha, binti," mzee akasema, na kabla Melina hajafunga mlango, alishajikunja chini.

Siku hiyohiyo, bila taarifa, Profesa Ofelia akaja kukagua. Alisimama mlangoni, kidole juu.

"Hao ni wawili."

"Ndiyo, profesa. Naweza kueleza..."

"Huyo wa pili namjua."

Akaingia. Pale kwenye zulia alilala mume wake, kinywa wazi, amekumbatia viatu. Melina akaiona shahada yake ikiota mabawa. Lakini profesa alichuchumaa tu, akamtazama mumewe kama anayemwona mara ya kwanza.

"Nyumbani halali," alinong'ona. "Nimeandika kitabu kizima kuhusu kutolala kwake."

Mzee Anselmo akafumbua jicho moja. "Ofelia, nakuomba. Usiniulize."

Melina aliliona swali likipanda kooni mwa profesa, likafika kwenye meno. Profesa akalimeza kwa taabu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba.

"Haya, sogea," akasema, akajilaza kando yake.

Evaristo hakurudi tena. Mkewe alimwona amependeza, macho maangavu, akamshuku. Akamuuliza anashinda wapi. Naye, mtu mkweli, akajibu: "Nalala kwa msichana mmoja mwanafunzi." Akahamishiwa chumba cha nyuma, peke yake, mlango ufungwe, asisemeshwe na yeyote mpaka atubu. Inasemekana mpaka leo hajatubu.

Melina aliufikia mtihani bila mgonjwa wake. Watahini watatu walimuuliza alimponyaje Evaristo. Akasema ukweli: alinyamaza. Wakabishana nusu siku kunyamaza kule kulikuwa kwa mkondo gani wa fikra, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuonekana hajui, wakampa alama za juu kabisa. Sasa ameajiriwa hospitali moja ya pembezoni mwa mji, na ofisi yake haina nafasi ya kulala mpaka majira ya joto.