Meno ya Exaucée Juu ya Bati

Jumanne asubuhi Mama Claudine alikuwa uani kwake mtaani Katuba, akichekecha unga wa bukari, yaani ugali, walinzi wa mgodi walipomshusha bintiye Exaucée garini na kumwacha mlangoni. Walikuwa wamempiga kwa vitako vya bunduki. Meno yake sita alikuwa ameyashika mkononi.

Exaucée alikuwa mtunzi na mwimbaji. Gita alifundishwa na babu yake aliyefanya kazi reli, sauti ya pili akaipata kwenye kwaya ya parokia, na nyimbo za kilio za Kiluba alizirithi kwa bibi. Wimbo wake mpya uliwataja wachimbaji kumi na mmoja ambao Komanda Adalbert, mkuu wa walinzi hao, aliamuru wafukiwe shimoni kwa tingatinga, wangali hai. Exaucée peke yake ndiye aliyeshuhudia. Sasa taya lake lilikuwa limevunjika, na hata "mama" hakuweza kutamka.

Claudine alimwosha damu, akamfunga taya kwa kitenge, kisha akayarusha meno juu ya bati, kama afanyavyo mzazi yeyote mtoto anapong'oka jino, ili mengine yaote. Hakujali kwamba mtoto huyu alikuwa na miaka thelathini.

Bukari ilikuwa haijaiva paa lilipoanza kuimba. Jino moja lilicharaza gita la babu, mawili yakaitikia kama kwaya, mengine yakalia kwa Kiluba. Kisha yote yakataja majina: Kangwa, Kabwe, Émile, Chilufya, mpaka kumi na moja.

"Mama Exaucée, bati yako iko naimba sana," jirani yake Myriam alisema. "Mutoto wangu iko na examen."

"Aende kusomea ku paroisse. Ile njo témoin, shahidi moya tu anabakia."

Alhamisi walinzi walirudi, wakalimiminia paa risasi. Moja ilipenya, ikamwingia shingoni Fils, kaka yake Exaucée, aliyekuwa akila. Alianguka na tonge mkononi. Ijumaa walipotoka kumzika, paa lilitaja majina kumi na mawili.

Afisa wa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, alikuja, akaomba kiti, akasikiliza wimbo wote na kuandika.

"Ushahidi iko clair, mama. Tunabeba bati."

"Na siye tutalala wapi?"

"Weye unataka justice ao unataka nyumba?"

Claudine alitaka haki. Alimshikia ngazi.

Ofisini hapakuwa na ghala. Mabati, na meno yaliyonasa juu yake, yalikabidhiwa kwa Komanda Adalbert ayatunze, naye akaezekea nayo baraza la nyumba yake kule Golf, mtaa wa matajiri. Kesi haikuitwa. Kinywani mwa Exaucée hamkuota kitu.

Kila Jumapili baada ya misa, mama na binti huenda kusimama nje ya ukuta ule. Mlinzi wa geti amewazoea, huwatolea benchi. Exaucée hufuata gita kwa vidole, hewani.

Jumapili iliyopita Komanda alikuwa na wageni mezani.

"Ile chorale ni ya wapi?" mmoja aliuliza.

"Ya Katuba. Banaimba muzuri, hein?"

Paa likafika kwenye jina la Fils. Claudine akamsikia Komanda akiagiza aletewe pilipili.