Mechi Ambazo Ikupa Hakuziona

Lu Jiayin alikuwa na miaka kumi na minne baba yake alipomleta kwenye klabu ya tenisi ya ndani kule Inver Grove Heights, Minnesota, Marekani, majira ya baridi ya mwaka 2004. Baba alikuwa mtafiti, amekuja chuo kikuu cha Minneapolis kwa mkataba mfupi. Alimweleza kocha, Ikupa, kwamba binti yake alianza kufundishwa tenisi kwao Wuhan, China, akiwa bado mdogo sana, kwenye shule ya michezo ya jimbo, na kwamba hatulii. Akikosa pa kucheza hupiga mipira kwenye ukuta wa ghorofa mpaka majirani wagonge mlango.

Ikupa alimjaribu kwa nusu saa. Alimpeleka kushoto, akampeleka kulia, akamvuta mbele, akamrudisha nyuma. Mtoto alikimbia tu, na kila mpira ulirudi. Ikupa mwenyewe alitoka Dar es Salaam kwa ufadhili wa masomo na kuichezea timu ya chuo, kwa hiyo alijua alichokuwa akikiona. Jioni ile alimwambia mumewe, Mudrick, kwamba amepata mtu.

Mkataba wa baba ulipokwisha, yeye alirudi kwao, naye Jiayin akahamia Richfield, nyumbani kwa Ikupa, chumba kimoja na Leah, binti yao mdogo. Leah alielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Jiayin naye, ndani ya miezi michache, alikuwa akiomba pilipili kwa Kiswahili na kumwita Ikupa "Anti". Ndege kutoka uwanja wa ndege wa jirani zilipita juu ya paa mchana kutwa. Wenyeji walishazizoea, Jiayin aliinua kichwa kila moja ilipopita.

Kwa wachezaji wa umri wake hakupata wa kumtisha. Aliwashinda wa Minnesota, akawashinda wa majimbo jirani, akaanza kufika fainali za vijana za kimataifa. Hakuwa na mapigo makali. Alirudisha mipira tu, mpaka wapinzani wakachoka, wakakasirika, wakapiga nje. Ikupa alikaa kiti cha mbele kila mechi, mikono ameibana katikati ya magoti.

Taabu ilianza mwaka 2006, Jiayin alipoingia mashindano ya kulipwa. Wanawake aliokutana nao huko walipiga mpira kwa nguvu, pembezoni mwa mstari, na kurudisha hakukutosha tena. Alitolewa raundi ya kwanza Texas, akatolewa Illinois, akatolewa Kanada. Kila aliporudi Richfield hakukaa chini. Alisukuma theluji ya majirani ambao hawakumwomba, akapanga upya masufuria, akapanda basi hadi Columbia Heights na kurudi, na huko hakuwa na mtu wa kumwona. Ikupa alimsihi ashambulie, aende kwenye wavu, apige hata kama atakosa. Mazoezini alifanya hivyo, tena vizuri. Kwenye mechi alirudi nyuma ya mstari, akawa yule yule.

Ndipo baba akapiga simu. Timu ya jimbo lao kule China ilikuwa tayari kumpokea. Angepewa kocha, chumba na mshahara. Wao wangeamua acheze wapi na nani, na walimtaka kwa mechi za wawili wawili. Jibu lilitakiwa kabla mwezi haujaisha. Baba hakumlazimisha, alisema tu kwamba kule hatakuwa peke yake.

Ikupa aliposikia habari hiyo alihisi nafuu, kisha akaona aibu kwa nafuu yenyewe. Alimwambia Mudrick kwamba pengine ni bora mtoto aende.

"Mama Leah," Mudrick akasema, "yeye mwenyewe umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza.

Kabla hajapata pa kuanzia, mashindano madogo ya kulipwa yalifika Saint Paul, Februari 2007, na Jiayin alitakiwa kuanzia kwenye mchujo. Asubuhi ya mechi ya kwanza Ikupa aliegesha gari, akazima injini. Jiayin hakushuka.

"Anti, leo usiingie."

Ikupa alidhani hakusikia vizuri.

"Nikikosa mpira unafumba macho," Jiayin akasema. "Tangu zamani. Nakuona. Kwa hiyo sikosi."

Ikupa alitaka kukana. Alitaka kusema kwamba kocha hamwachi mchezaji wake siku kama ile. Alichosema ni, "Nenda."

Kwenye gari hakukalika. Alizunguka jengo, theluji ikilia chini ya buti, akaenda hadi dukani kona ya pili, akarudi bila kununua kitu. Makofi yalipenya ukutani, naye hakujua yanapigwa kwa ajili ya nani. Kwanza alikasirika. Baadaye alijaribu kukumbuka mechi moja tu ambayo mpira wa Jiayin ulitoka nje na yeye akautazama hadi ulipotua. Hakuipata.

Jiayin alitoka uso mwekundu, nywele zimelowa jasho.

"Nimeshinda," alisema. "Nimepiga nje mipira mingi, Anti. Mwamuzi amekauka koo."

Wiki nzima Ikupa alibaki nje. Jiayin alipita mchujo, akafika nusu fainali, akafungwa na Mrusi mmoja mrefu kwa seti tatu. Kesho yake alimpigia baba yake simu, akitembea kutoka kwenye sinki la jikoni hadi mlangoni na kurudi. Ikupa hakuelewa Kichina hata neno, lakini alisikia kwamba sauti ya msichana haikushuka. Alipokata simu alimweleza kwamba ameikataa timu ya jimbo. Kisha akamweleza la pili: kocha mmoja wa Florida, anayesafiri na wachezaji wake, alimwona nusu fainali na ana nafasi. Alitaka kwenda.

Ikupa aliuliza habari za kocha, za malazi, za chakula. Maswali yalipokwisha lilibaki moja.

"Mimi ndiye niliyekuzuia?"

"Wewe ndiye uliyenifikisha hapa," alisema. "Na ulinizuia pia."

Aliondoka Machi. Miezi ya kwanza Ikupa alikuwa mkali kwa watoto wa klabu bila sababu, halafu akajirudi, na taratibu akajifunza kukaa kando ya uwanja macho wazi. Jiayin alipanda kwa kusuasua, akaumia bega, akapanda tena. Mwaka 2009 aliingia mia moja bora duniani, na kiangazi hicho akacheza mashindano makubwa Ulaya kwa mara ya kwanza, akatolewa raundi ya pili.

Alipiga simu Richfield siku hiyo hiyo. Ikupa alikuwa ameitazama mechi yote kwenye televisheni, lakini alimwacha asimulie tangu mpira wa kwanza, huku yeye akiizunguka meza ya jikoni, simu sikioni, hawezi kukaa.