Kidole Gumba cha Balozi

Asubuhi ya Jumanne, baada ya kunywa uji wa mtama na kunawa, Dadi alikaa kizingitini, akakishika kidole gumba chake cha mkono wa kulia, akakizungusha mara mbili, akakitoa. Hakikutoka damu. Kilibanduka kama punje ya muhindi inavyobanduka kwenye gunzi. Alikifunga katika leso safi, akampa mkewe Mwanasha, akamwambia asikiweke penye unyevu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, wakati wa palizi. Uongozi wa kijiji ulikuwa umetangaza kwamba hakuna mwanamume atakayeondoka mpaka shamba la ujamaa liishe kupaliliwa, na Dadi, akiwa balozi wa nyumba kumi, hakutaka kuwa wa kwanza kuomba ruhusa. Lakini hospitali ya bomani haikuwa ikimpa mwanamke nusukaputi, dawa ya usingizi wa upasuaji, bila idhini ya mumewe. Katibu wa kijiji aliamua kwamba kidole kinaweza kwenda, mradi mwenyewe abaki na jembe. Wanaume watatu walikwishatuma vyao mwaka ule kwa shughuli mbalimbali, na vyote vilirudi salama.

Mwanasha alikuwa akitokwa na damu kwa wiki ya sita. Walipohamishwa kutoka kwenye mikorosho yao na kuletwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Kiranjeranje, alibeba miti ya kujengea kutwa nzima, na siku ya pili yake mimba ya miezi mitatu ikaharibika. Ilikuwa mimba ya nne kuharibika. Mtoto aliye hai alikuwa mmoja, binti wa miaka sita aitwaye Somoe. Mganga wa zahanati alimweleza kuwa kuna mabaki ndani na lazima kizazi kisafishwe. Ni kazi ndogo, alisema, atalala na kuamka, na ikipita miezi mitatu anaweza kubeba tena. Katika yote aliyoambiwa, Mwanasha alilishika hilo la mwisho.

Alipanda lori la ushirika, leso ameifunga kwenye pindo la kanga. Waliomfahamu Dadi walimwamkia balozi shikamoo, na kidole kikajikunja kidogo ndani ya pindo, ndiyo marahaba yake. Njiani mzee mmoja alisogea ili kisibanwe. Mwanasha alikaa juu ya gunia, damu ikipita kwenye vitambaa alivyojifunga, na hakuna aliyemsogelea yeye, kwa sababu alikuwa hajasema kitu.

Wodini alipokewa na Sista Helena, mwanamke mpole mwenye haraka. Jumatano nzima ilikuwa ya matayarisho. Sista alimnyoa kwa wembe ambao ulikwishanyoa wengine. Alimvua shanga za kiunoni, hirizi na pete, akavifunga kwenye karatasi na kuandika namba ya kitanda. Alimwambia kesho asile wala asinywe tangu alfajiri, hata mate akiweza asimeze. Akaziangalia kucha zake zenye hina, akasema daktari atahitaji kuona rangi ya kucha akiwa amelala, maana zikigeuka samawati ndipo wanajua mgonjwa anaondoka. Hina haitoki kwa maji. Sista alizikwangua kucha mbili mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akasema hizo zinatosha.

Aliulizwa lini alikula mara ya mwisho. Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa.

Alasiri alikuja karani wa wodi, Eusebio, na sponji ya wino na mkoba wa fomu. Mwanasha alifungua leso. Eusebio alikisalimu kidole, akakisaidia kupanda mezani, akakiwekea fomu nyeupe ya kusafisha kizazi. Kidole kiligusa wino, kikapiga alama mahali palipoandikwa mume.

Mwanasha akatandaza leso ili kirudi. Hakikurudi. Kilitembea juu ya meza, kikijikunja na kujikunjua kama kiwavi, mpaka kwenye mkoba, kikapekua fomu moja moja, kikavuta ya rangi ya waridi. Dadi hakujua kusoma, lakini mwezi uliopita bwana afya alipita kijijini kuwaonyesha mabalozi fomu zote, na rangi alizikumbuka. Kidole kikapiga alama ya pili. Ilitoka safi kuliko ya kwanza.

Eusebio aliilinganisha na ile nyingine, akaridhika, akazibana zote mbili kwa pini.

Mwanasha aliomba aione. Mwaka uliotangulia alikuwa amefaulu kisomo cha watu wazima, wakati Dadi aliacha wiki ya tatu akisema macho yanamuuma. Alisoma taratibu, silabi baada ya silabi, kidole chake chini ya herufi. Ku-fu-nga ki-za-zi. Alirudia tena, kwa kuwa mwalimu aliwafundisha kurudia.

"Hii sikuja nayo," alisema.

"Ameikubali mwenyewe," Eusebio akamjibu.

"Mwenyewe ni mimi. Najua kuandika. Niandike wapi?"

Eusebio alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake. Aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akatafuta. Kulikuwa na mahali pa mume, mahali pa daktari, na mahali pa shahidi wa kiume.

"Hapana mahali, mama," alisema kwa masikitiko.

Basi Mwanasha akachukua penseli na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa za darasani: SITAKI. MWANASHA BINTI SELEMANI. Eusebio alisubiri amalize. Kisha akatoa raba mfukoni, akafuta polepole ili karatasi isichanike, akapuliza vumbi la raba, akaondoka.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa Apolonia, mama wa Kimakonde aliyekuwa amefungwa kizazi wiki iliyopita. Alisema mume wake alikuja mzima, na vidole vyake vyote kumi, na yeye pia hakuulizwa. Akageukia ukutani.

Mwanasha alikiweka kidole juu ya mto. Kilikuwa bado na wino.

"Unaoa?" alikiuliza.

Kidole kilijikunja mara moja.

"Esha wa mtunza ghala?"

Kilijikunja tena. Esha alikuwa na miaka kumi na saba, na baba yake alitaka uhakika kwamba nyumba ya mke mkubwa haitaongeza watoto wa kugawana na wajukuu zake. Mambo hayo yalikuwa yakizungumzwa kijijini tangu mfungo. Mwanasha alikuwa ameyasikia na kuamini kuwa ni maneno ya kisimani.

Alimwendea Sista Helena, akamwomba fomu ya waridi iondolewe. Sista alisema ayamalize na mumewe, na kwa bahati nzuri mumewe yupo. Alimwendea daktari. Daktari alisema karatasi zimekwishabanwa pamoja. Akizikubali anazikubali zote, na akizikataa ni zote, arudi nyumbani kama alivyo. Akamtazama ndani ya kope, akaongeza kwamba kwa damu iliyobaki asitegemee kumaliza mwezi.

Mwanasha alikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Alimfikiria Somoe, na nani atamsuka, na Esha atakuwa mama wa namna gani kwa mtoto asiye wake. Alimfikiria na yule mwingine, ambaye baada ya miezi mitatu angeweza kuwa. Alilia kidogo, bila sauti, kwa kuwa benchi lilikuwa na watu. Kisha akarudi kitandani.

Alhamisi asubuhi alivalishwa gauni lililo wazi mgongoni, akatembea mwenyewe hadi chumba cha upasuaji. Msaidizi wa daktari hakufika siku hiyo, kwa hiyo kidole kiliombwa kuishikilia barakoa ya nusukaputi. Kilifanya kazi hiyo vizuri, kikiibana puani bila kutetemeka. Mwanasha aliambiwa ahesabu. Alihesabu kwa sauti, kama darasani, na akafika saba.

Alipozinduka alitapika mara mbili. Sista Helena alimpa chai ya rangi, akamwambia kazi zote mbili zimekwenda salama na damu imekata. Alipokiulizia kidole, alijibiwa kwamba kiliondoka na lori la saa sita. Kilionekana kina haraka.

Alitoka Jumamosi, na cheti cha daktari mkononi: wiki mbili asiinue kizito, asilime, asitwange. Alishuka kwenye lori alasiri, akatembea taratibu mpaka kwake. Uani palikuwa na magunia mawili ya mpunga, na wanawake wa jirani walikuwa wakipasua kuni za harusi. Dadi alikuwa ameketi kibarazani, nywele zake zimenyolewa upya.

"Pole na safari," alimwambia.

"Nimeshapoa."

Mwanasha alimpa cheti. Chini yake kulikuwa na nafasi ya mume kuthibitisha, ndipo uongozi umwondolee kazi. Dadi alikiangalia cheti, kisha akakiangalia kidole chake, akakinyoosha na kukikunja, akasema kimechoka sana na mambo ya huko hospitali, kipumzike kwanza, labda mwezi ujao.

Wanawake walikuwa wakisubiri mke mkubwa aanze kutwanga. Mwanasha aliingia ndani, akakiweka cheti chini ya mkeka, akatoka na mchi.