Aliyekuwepo Wakati wa Kifo

Kwenye dirisha namba tatu la ofisi ya usajili hukaa mwanamke ambaye foleni nzima humwita Mama Rudi Kesho. Nilikuwa nimeonywa habari zake lakini sikuogopa. Nina stashahada ya ugavi na nimetunza stoo ya shule kwa miaka kumi na minne; karatasi hainitishi. Faili langu lilikuwa na kila kitu: barua ya ofisi ya mtaa, kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu baba yangu na nakala yake, kitambulisho cha mama, fomu ya taarifa ya kifo niliyoijaza mwenyewe kwa herufi kubwa, na bahasha ya muuguzi ikiwa bado imefungwa.

Bahasha hiyo ndiyo iliyoniumbua. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja nyumbani kuthibitisha kwamba baba amefariki. Aliandika karatasi yake, akaifunga, akagonga muhuri juu ya kifuniko na kusema iende hivyo hivyo kwa msajili. Mimi ninayesoma hadi maandishi ya nyuma ya tiketi, nikaipeleka bila kujua kilichomo.

Mama Rudi Kesho aliichana kwa rula. Akasoma. Akachukua fomu yangu, akasoma. Kisha akaziweka karatasi zote mbili sambamba.

"Mama, marehemu alifariki mara ngapi?"

Watu wawili watatu nyuma yangu wakacheka.

"Mara moja," nikasema.

"Kwenye fomu yako amefariki saa kumi jioni, na aliyekuwepo wakati wa kifo ni wewe, binti yake. Muuguzi anasema aliitwa saa nane mchana na mfanyakazi wa ndani, akakuta mzee ameshakata roho, na mwenye nyumba hayupo. Sasa nimwamini nani?"

"Muuguzi!" akajibu mwanamume mmoja kwenye foleni, na safari hii wakacheka wengi.

Nikasema labda kuna makosa kidogo ya saa, hata muuguzi ni binadamu.

"Mtu akifia nyumbani," Mama Rudi Kesho akasema, akiwa tayari ananirudishia faili, "maelezo yanatolewa na aliyekuwepo. Sitaki mwenye uchungu zaidi, sitaki aliyesoma zaidi. Nataka aliyekuwepo. Mlete huyo mfanyakazi. Na mwombaji wa cheti ni mjane, kwa hiyo mlete na mama yako. Nitaandika maelezo, nitayasoma kwa sauti mbele yao wote wawili, ndipo waweke sahihi. Kesho, kesho kutwa, siku yoyote. Anayefuata!"

Ningeweza kuliacha lile jambo lilale, kama si jicho la mama. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na upasuaji ulipangwa baada ya wiki mbili. Bima yake ilikuwa chini ya jina la baba. Hospitali ilikuwa imeshatuambia: bila cheti cha kifo, jina la mama halihamishwi, na bila kuhamishwa hakuna upasuaji. Kwa hiyo cheti kilikuwa lazima, na njia ya kukipata ilikuwa mama akae kwenye benchi asomewe, neno kwa neno, kwamba mimi sikuwepo.

Ndiyo, sikuwepo.

Siku ile kaka yangu alimpeleka mama kliniki ya macho. Baba alikuwa hoi kitandani, chumba cha mbele nyumbani kwangu. Mama alinishika mkono mlangoni akasema, "Nakuachia baba yako, mwanangu." Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo. Saa nne nikamwambia dada wa kazi natoka kidogo. Nikaenda saluni kusuka.

Nilikuwa nimechoka. Wiki tatu nilikuwa nabadilisha mashuka na kukoroga uji, nikataka kukaa mahali ambapo mtu mwingine ananishughulikia mimi. Hiyo ndiyo sababu, na si sababu. Saa saba na nusu simu ikaanza kuita. Dada wa kazi. Huyo dada hupiga simu kuuliza chumvi iko wapi, kwa hiyo sikupokea. Akapiga tena. Msusi akaniuliza, "Hupokei?" Nikasema, "Huyo anatafuta chumvi," tukacheka, nikailaza simu kifudifudi mapajani. Alipiga mara saba. Nilisuka kichwa kizima, nikalipa, nikafika nyumbani saa kumi kasorobo nikinukia mafuta.

Muuguzi alikuwa ameshaondoka, bahasha ipo mezani. Dada wa kazi, mwanamke wa makamo, mkubwa kuliko hata mimi, alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa amemfunika baba vizuri. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikitazama kichwa changu mara moja tu, kisha akaangalia chini.

Mama na kaka waliingia nusu saa baadaye. Mama akaanguka magotini akauliza, "Alikuwa na nani? Alisema nini?" Na mimi, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa, nikajibu, "Amefia mkononi mwangu, mama. Saa kumi kamili. Amesema nikuambie hajawahi kujuta hata siku moja kukuoa."

Yalinitoka kama maji. Kaka akayasoma makaburini. Mama akawa anayarudia kwa kila aliyekuja kumpa pole, na kwa simu kwa wale ambao hawakuweza kuja. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu yangu aliijua mtu mmoja, na alikuwa jikoni kwangu anaosha vyombo vya msiba. Siku tisa baada ya mazishi nikamwachisha kazi. Mama alipouliza, nikasema ameondoka mwenyewe, hawa watu ndivyo walivyo.

Sasa nikaenda kumtafuta. Nilimkuta nyumba ya wageni nyuma ya soko, uani, anafua mashuka. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa sabuni.

"Mama pacha," akasema. Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita, kwa ajili ya wanangu. "Karibu. Sina kiti."

"Nimekaa sana leo, acha nisimame. Habari za hapa?"

"Mashuka hayana maneno."

Nikamweleza habari za dirisha namba tatu. Alisikiliza huku akikamua shuka, upande mmoja kwenye bomba, upande mwingine mkononi.

"Kwa hiyo unataka nije."

"Nataka uje uweke sahihi. Useme ulikuwepo na saa ilikuwa saa nane. Basi. Mengine si lazima."

"Mengine yapi?"

Akalitupa shuka kambani.

"Uliniambia nyumba imepungua mtu, kazi imepungua," akasema. "Nyumba yenye pacha wanaovunja vikombe kama wanalipwa! Ukanipa nauli na khanga mpya. Ile khanga sijaifungua mpaka leo. Nikiiangalia naona umeninunua."

"Dada, nisamehe."

"Unaniomba msamaha, au unaniomba nifunge mdomo? Niambie moja, maana najua kuyatofautisha."

Mimi ni mtu wa kusema. Shuleni walimu wakuu wananiogopa. Pale uani nilisimama na mkoba wangu, maji ya sabuni yakipita katikati ya viatu vyangu, mpaka akanionea huruma, nalo lilikuwa jambo baya kuliko matusi.

"Bibi jicho lake linaendeleaje?" akauliza.

"Linazidi kufunga."

"Nitakuja Jumanne. Nitakuja kwa ajili yake."

Jumanne tulikaa watatu kwenye benchi ndani ya chumba kidogo nyuma ya madirisha, mama katikati. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni utaratibu tu, wanataka shahidi wa pili. Mama alifurahi kumwona dada wa kazi kuliko nilivyotarajia. Alimpapasa mkono hadi kwenye kiwiko.

"Umekonda. Mbona ulituacha bila kuaga, mwanangu?"

"Kazi, bibi," dada akajibu, hakuniangalia.

Mama Rudi Kesho akaingia na daftari kubwa, akaketi, akafungua kalamu. Akamuuliza dada jina, umri, kazi. Akamuuliza kama alikuwepo. Alikuwepo. Saa ngapi? Saa nane, redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari.

Nikahisi mama amegeuza kichwa. "Saa nane?"

"Tulia mama, utasomewa yote," Mama Rudi Kesho akasema. Kisha akamuuliza dada, "Na mwenye nyumba, huyu binti wa marehemu, alikuwa wapi?"

Dada wa kazi akaangalia mikono yake. Nilisikia mihuri ikigongwa madirishani.

"Alikuwa ametoka kumtafutia mzee dawa," akasema.

Aliyasema hayo sawasawa, bila kusita, kama mtu anayetandika kitanda. Mama Rudi Kesho akainamisha kalamu. Yangekwisha hapo. Ningekuwa binti aliyekuwa mbioni kutafuta dawa. Mama angeshangaa kidogo kuhusu saa, nami ningesema nilichanganyikiwa kwa uchungu. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mtu niliyemfukuza kwa nauli na khanga.

Kalamu ilikuwa imeshaandika neno la kwanza.

"Usiandike hivyo," nikasema. "Nilikuwa saluni."

Mama Rudi Kesho akainua macho.

"Nilikuwa nasuka. Huyu alinipigia simu mara saba. Niliziona zote. Sikupokea."

Hakuna aliyecheka safari hii. Dada wa kazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama pacha, hukuwa na haja." Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikamgeukia mama.

"Na maneno niliyokuambia, mama, baba hakuniambia mimi kitu. Nilifika ameshafunikwa. Niliyatunga."

Jicho la mama lililo zima lilikuwa kwangu, lakini sijui liliniona kiasi gani. Nilingoja anipige. Angenipiga, ningejua pa kuweka uso wangu. Alikaa vile vile, mkono wake ukiwa bado juu ya kiwiko cha dada wa kazi.

"Nimewaambia watu," akasema hatimaye. "Nimewaambia watu wote."

"Najua."

"Nimemwambia hata yule wifi yangu asiyenipenda."

Mama Rudi Kesho alikata neno lile moja kwa mstari, akaandika upya, polepole. Nadhani alikuwa anatupa muda.

Mama akamgeukia dada wa kazi, akanipa mgongo kabisa.

"Wewe niambie. Usinipambie."

"Asubuhi alikuwa kimya, bibi. Saa saba akaomba nimgeuze aelekee ukutani, jua lilikuwa linamwingia machoni. Nikamgeuza. Pumzi ikawa nzito, ndipo nikaanza kupiga simu. Akaniuliza, 'Unampigia nani?' Nikamwambia. Akasema, 'Muache, atakuja.' Nikarudi nikakaa. Nilimshika mguu, maana mkono ulikuwa chini ya ubavu na sikutaka kumsumbua. Hakusema tena."

"Ulimshika mguu."

"Ndiyo, bibi."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Mama akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama anayepokea kitu na kukipima uzito. "Unamuuma huo," akasema. "Ulikuwa unamuuma."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye yale maneno mawili. Muache, atakuja. Kama nilitaka maneno ya mwisho ya baba, ndiyo hayo.

Maelezo yakasomwa kwa sauti, pamoja na saluni, pamoja na simu saba. Kusomewa jambo lako kwa lugha ya serikali ni kama kuvuliwa nguo na mtu asiyekuangalia. *Binti wa marehemu hakuwepo nyumbani na hakupokea simu.* Dada akaweka sahihi. Mama akaelekezwa mahali pa kuweka kidole chake. Dada ndiye aliyemshika kidole. Nilikuwa nimenyoosha mkono kufanya hivyo, nikaurudisha.

"Cheti kitakuwa tayari Ijumaa," Mama Rudi Kesho akasema. Hakuniambia nirudi kesho. Aliniangalia kidogo, si kwa ubaya, akagonga muhuri. "Nani atakuja kukichukua?"

"Mimi," nikasema.

"Aje huyu pia," mama akasema, akimaanisha dada wa kazi. "Nataka mtu wa kunisomea."

Ofisi iko ghorofa ya pili na ngazi zake hazina mkono wa kushikilia. Mama alishuka akiwa ameegemea bega la dada, na dada alikuwa akimhesabia: moja tena, bibi, hapa pana ufa, moja tena. Foleni iliyokaa kwenye ngazi ikawapisha. Mama alikuwa anauliza jambo kwa sauti ya chini, na dada akijibu, na walipofika kwenye kona niliisikia redio ikitajwa, na pazia, na kama mzee alikuwa amekunywa uji wake asubuhi ile.

Nilitaka kusema alikunywa nusu kikombe, mimi ndiye niliyemnywesha kabla sijatoka. Nilikuwa ngazi tatu nyuma yao. Mama hakugeuka. Nikaacha dada ajibu.