Mstari Mweupe Kwenye Bolti

Tone jekundu lilining'inia kwenye ukingo wa sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, likanenepa, kisha likadondokea kipande cha boksi alichokitandika fundi sakafuni. Lilikuwa la saba. Aliyahesabu kwa sauti, maana karakana nzima hapakuwa na wa kumsikia ila redio, na redio nayo ilikuwa na yake ya kusema.

Mwenye gari, nesi wa mji wa jirani, alikuwa amelileta asubuhi kabla ya kwenda kumwona mama yake.

"Mafundi wawili wamelishika," alisema. "Wa kwanza alibadilisha gasketi ya sampo. Wa pili akasema sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, naye akabadilisha. Juzi gia imekataa kuingia, nimekwama katikati ya makutano."

Fundi aliosha sehemu yote ya chini, akaikausha kwa tambara, akainyunyizia poda ya watoto, akaliwasha gari. Oili hukimbilia nyuma gari likitembea. Yule wa pili alikuwa ameifukuza ilikoishia badala ya kutafuta ilikoanzia. Sasa uzi mwekundu ulijichora juu ya poda, ukitokea kwenye bolti moja ya pembeni mbele. Aliigusa kwa spana, ikazunguka bila ubishi.

Akasogeza taa azikague nyingine, kisha akaisogeza karibu zaidi.

Kila moja kati ya hizo ilikuwa na mstari wa rangi nyeupe, kutoka kichwani hadi kwenye sampo. Ulikuwa utaratibu ambao marehemu baba yao alimfundisha yeye na mdogo wake: bolti iliyokazwa mara ya mwisho huchorwa, isiyochorwa bado haijaisha. Mistari hii kumi na saba ililalia upande mmoja, kama anavyochora mtu wa mkono wa kushoto. Ya kumi na nane, iliyolegea, haikuwa na mstari. Gasketi hii ilifungwa na mdogo wake, wa mkono wa kushoto.

Miaka kumi na mmoja iliyopita lori lilirudishwa karakanani likimwaga oili, fundi akamwambia mdogo wake mbele ya wateja, "Wewe si fundi, wewe unabahatisha." Mdogo wake alinawa mikono, akatundika ovaroli, akaenda zake. Jioni hiyo fundi aliingia chini ya lori kuikaza bolti iliyolegea, akaukuta mstari umenyooka wima. Ulikuwa wake yeye, si wa mdogo wake. Aliona aibu mpaka akashindwa kula. Alinuia kumpigia simu kesho yake, na kesho hiyo akaisogeza, akaisogeza, mpaka stuli ya mdogo wake ikawa ya kuwekea makopo.

Nesi alirudi saa nane.

"Bolti moja ilikuwa imelegea," fundi alimwambia.

"Basi nionyeshe niipige picha. Huyo wa gasketi namweka kwenye kundi la madereva, watu wamjue."

"Ni mtu wa namna gani?"

Nesi alifikiri. "Mpole. Anafanya kazi peke yake. Taa anaishika karibu na uso hadi unaogopa ataungua."

Fundi alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho ya baba yao nayo yalianza kufifia hivyohivyo.

"Bolti hulegea, dada," alisema hatimaye. "Hata mimi yamenitokea. Usimwanike mtu kwa hilo."

Alirudi chini, akaikaza, akachovya brashi, akachora. Katikati ya mistari iliyolala, mmoja ukasimama wima. Akaongeza oili hadi kwenye alama, na boksi jipya likakaa nusu saa bila tone.

"Wiki ijayo mpelekee huyo wa gasketi alikague," alisema. "Mwambie aangalie ya pembeni mbele."

"Nimwambie kaikaza nani?"

"Ataona mwenyewe."

Nesi aliwasha gari. Lilikuwa limeshaanza kusogea fundi alipolifuata, akashika ukingo wa dirisha.

"Mwambie pia, ile bolti ya lori ilikuwa yangu. Mwambie nimejua tangu jioni ileile."

Nesi alimtazama usoni, kisha akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza lori gani.

"Na akitaka namba yako ya simu?"

"Anayo," fundi alisema. "Sijaibadilisha."